Batman & Robin ya 1997: mzaha uliokosa wa kuuamini

Tarehe 20 Juni 1997 kampuni ya Warner Bros. ilianza kuonyesha nchini Marekani Batman & Robin, filamu ya nne katika mfululizo wake wa Batman, shujaa wa vitabu vya katuni anayevaa kama popo. Wikendi ya kwanza iliingiza karibu dola milioni 43 na kushika nafasi ya kwanza. Wikendi ya pili mapato yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60. Tarakimu hizo mbili zinaeleza kisa hiki vizuri kuliko mhakiki yeyote. Watu walikuja, tena wengi, wakiwa na hamu na wakiwa wamejiandaa kufurahi. Kisha wakatoka ukumbini wakawaambia wenzao wasijisumbue.

Kwa hiyo tatizo halikuwa matangazo, wala umma kumchoka popo. Waliokwisha kulipa kiingilio hawakuburudika, na hilo ndilo linalotaka maelezo, kwa sababu ukiitazama picha hii kwenye karatasi huoni ilikopungukiwa. Bajeti yake ilikuwa angalau dola milioni 125. Arnold Schwarzenegger peke yake alilipwa milioni 25, na jina lake likaja la kwanza, mbele ya George Clooney aliyekuwa Batman mwenyewe. Uma Thurman yumo. Mji wa Gotham umejaa taa za rangi na masanamu makubwa kama majengo. Hakuna kati ya dakika zake 125 ambapo hakuna mtu anayejaribu kukuchekesha, au kitu kinachong'aa, kuteleza au kulipuka. Na inachosha. Inachosha kwa namna ya pekee, kama kuketi na mtu anayecheka kabla hajamaliza kila hadithi yake.

Njia iliyowafikisha hapo haikuwa ndefu. Mwaka 1989 Tim Burton alitengeneza Batman ya giza na moshi iliyoingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Mwaka 1992 akaleta mwendelezo wenye giza zaidi, wenye adui aitwaye Penguin anayetokwa na majimaji meusi mdomoni. Wazazi wakalalamika, na McDonald's, iliyokuwa ikiuza milo ya watoto yenye zawadi za picha hiyo, ikajikuta lawamani. Mapato yakashuka hadi kama milioni 266. Studio ikakabidhi usukani kwa Joel Schumacher, naye mwaka 1995 akatoa Batman Forever yenye rangi nyingi, Jim Carrey akirukaruka ndani ya suti ya kijani, na mapato yakapanda tena hadi kama milioni 336. Hesabu ya wakubwa wa studio haikuwa ngumu: rangi zimeleta fedha, basi na ziongezwe, na haraka. Miaka miwili baadaye ikatoka hii tunayoijadili. Skripti ilikuwa ya Akiva Goldsman, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa ile ya 1995, na watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto walishirikishwa mapema katika usanifu wa magari na silaha. Chris O'Donnell, aliyeigiza Robin, msaidizi wa Batman, katika zote mbili, amewahi kusema kwamba mara ya kwanza alijiona anatengeneza filamu, na mara ya pili alijiona anatengeneza tangazo la midoli.

Kuhusu kilichoiharibu, majibu yapo tayari na yanajulikana. La kwanza huwa chuchu. Mavazi ya mpira ya Batman na Robin yana chuchu kifuani, na kwa miaka mingi chuchu hizo zimebeba lawama za picha nzima. Lakini mavazi ya 1995 nayo yalikuwa nazo, na picha ile iliingiza karibu dola milioni mia moja zaidi. Ushahidi haupo. La pili ni Clooney, ambaye wakati huo alikuwa bado akiigiza daktari katika tamthilia ya televisheni, na ambaye mwenyewe amejitwika lawama hadharani mara nyingi kiasi kwamba imekuwa sehemu ya utani wake. Hilo nalo haliniridhishi. Mwigizaji huigiza alichoandikiwa, na nitaonyesha kwamba alichoandikiwa hakikuwa na mahali pa kusimamia. La tatu ni midoli, na hapo kuna ukweli kiasi, ila picha nyingi zilizopangwa kuuza midoli zimewafurahisha watazamaji bila shida yoyote. Mtoto hajali kwamba gari lile litauzwa dukani. Anachojali ni kama gari lile litamwokoa yeyote.

La nne, na hili ndilo linalopendwa na watu makini, ni kwamba Batman hafai kufanyiwa mzaha: ni yatima aliyeona wazazi wake wakiuawa, ni mtu wa usiku, na kumpaka rangi ni kumkosea heshima. Jibu hili lingekuwa na nguvu kama isingekuwapo miaka ya 1966 hadi 1968.

Katika miaka hiyo kituo cha ABC kilirusha vipindi 120 vya Batman vilivyokuwa vya kipuuzi kuliko chochote alichothubutu Schumacher. Adam West alivaa kitambaa laini, kitambi kidogo kikionekana chini yake, akapanda ukuta kwa kamba huku kamera imelazwa ubavu ili ionekane anapanda. Ngumi zilitoa maandishi ya rangi kwenye skrini. Katika kipindi cha kwanza kabisa Batman anaingia kwenye klabu ya dansi usiku akiwa amevaa kinyago na mabawa, anaagiza maji ya machungwa, kisha anacheza dansi. Picha ya sinema iliyotokana na tamthilia hiyo, pia ya 1966, ina tukio ambalo hadi leo sijaona linalolizidi: Batman ameshika bomu jeusi la duara lenye utambi unaowaka, anakimbia huku na huku gatini akitafuta pa kulitupa, na kila anapogeuka kuna watawa, kuna mama na kigari cha mtoto, kuna bendi ya tarumbeta, kuna wapenzi wawili ndani ya mtumbwi, na mwishowe kuna bata na vifaranga vyake. Anasimama akihema na kulalamika kwamba siku nyingine haiwezekani kabisa kuliondoa bomu.

Tukio hilo halizeeki, na sababu iko usoni mwa West. Hacheki. Hatupi jicho kwa kamera. Mtu huyu ana bomu mkononi na ana dhamiri inayomkataza kuwaua bata. Upuuzi wote uko katika yanayomtokea, si katika anavyoyapokea. Mara nyingi katika tamthilia ile West huyasema maneno yake polepole, akikata sentensi vipande vipande, kama hakimu anayesoma hukumu, hata anapomkumbusha Robin kufunga mkanda wa gari. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa akiitazama wakati huo alikuwa akitazama hadithi ya ushujaa. Baba yake aliyeketi nyuma alikuwa akitazama vichekesho. Wote wawili walikuwa wakitazama kitu kilekile, na wote wawili walikuwa na haki.

Miaka miwili kabla ya tamthilia hiyo, mwandishi wa Marekani Susan Sontag alikuwa ameandika insha iliyokuja kuwa msingi wa mjadala wote kuhusu sanaa ya mbwembwe kupita kiasi. Alitofautisha mbwembwe zisizojijua na zile za makusudi, akaona kwamba zile zinazojijua kwa kawaida huleta raha ndogo zaidi. Wapo wanaoishika hoja hiyo na kuitumia moja kwa moja: Schumacher alikusudia, ndiyo maana akashindwa. Lakini hata tamthilia ya 1966 ilikusudia. Mtayarishaji wake William Dozier na mwandishi Lorenzo Semple walijua kabisa walichokuwa wakifanya, na Dozier mwenyewe ndiye aliyesoma kwa sauti ya msisimko yale matangazo ya kuwataka watazamaji warudi kesho yake kuona kama shujaa atapona. Kukusudia peke yake hakuui mzaha.

Nadhani cha kuangalia ni mahali ujuzi huo unapokaa. Mzaha wa namna hii unahitaji pande tatu: mtunzi anayejua kwamba jambo ni la kipuuzi, mtazamaji anayejua, na mhusika asiyejua. Huyo wa tatu ndiye anayefanya kazi yote. Yeye ndiye anayeubeba ulimwengu ule mabegani na kuuchukulia kwa uzito, ili sisi tulioko nje tupate nafasi ya kuucheka, na wakati huohuo tupate kumpenda. Katika Batman & Robin mhusika wa tatu hayupo. Batman anajua, Robin anajua, adui anajua. Ukumbi umejaa watu wanaokonyezana, na hakuna aliyebaki wa kukonyezewa.

Na haikutokea kwa bahati mbaya. John Glover, aliyeigiza mwanasayansi mwenda wazimu anayemfanya Poison Ivy, mmoja wa maadui wa picha hii, awe alivyo, amesimulia kwamba Schumacher alikuwa akiketi juu ya winchi ya kamera, na kabla ya kupiga picha anawatangazia wote kwa kipaza sauti wakumbuke kwamba hii ni katuni. Ukiitazama picha ukiwa na habari hiyo, utaisikia sauti ya kipaza sauti kile karibu kila tukio. Ni maelekezo mabaya mno kumpa mwigizaji. Mhusika wa katuni hajui kwamba yumo kwenye katuni. Anaamini kwamba jabali linaloanguka litamponda.

Chukua tukio la ufunguzi, maana ndani yake ugonjwa wote umeshajitokeza. Tunawaona mashujaa wetu wakivaa: kamera inasogelea kifua, kiganja, mkanda, na hata makalio ya mpira yanayong'aa. Robin anasema anataka gari, kwa kuwa gari huwavutia wasichana. Batman anajibu kwamba ndiyo maana Superman hufanya kazi peke yake. Alfred, mtumishi wa nyumba, anasema ataghairi oda ya piza. Hapo hatujafika dakika ya tano. Utani wa Batman kuhusu Superman si mbaya kama utani. Ungeusikia kwa mchekeshaji jukwaani ungetabasamu. Lakini fikiria unafanya nini ukiwekwa hapo. Mji unashambuliwa, kamishna wa polisi ametoa wito, na mtu ambaye maisha yake yote ni kiapo kwa wazazi waliouawa anatoka nyumbani akitania kana kwamba anakwenda mechi ya kirafiki. Tangu dakika hiyo hakuna kitakachoweza kumtia wasiwasi. Na asiyeweza kutiwa wasiwasi hawezi kuchekesha, kwa sababu kicheko cha namna hii hutoka kwenye pengo kati ya ukubwa wa wasiwasi wa mtu na udogo wa kinachomtia wasiwasi.

Wanafika jumba la makumbusho. Mr. Freeze, adui anayeigizwa na Schwarzenegger, amegandisha sakafu, na genge lake linakuja na magongo ya hoki. Batman na Robin wanagonga visigino, na vyuma vya kutelezea barafuni vinachomoza chini ya viatu. Muda mfupi baadaye wako ndani ya roketi inayopaa, na muda mfupi tena wako nje yake, angani, wakiteleza juu ya vipande vya mlango kama watu wa mawimbini. Haya yangeweza kuwa matamu. Picha ya 1966 ilikuwa na kopo la dawa ya kufukuzia papa: Batman ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta, papa wa mpira amemng'ang'ania mguuni, na Robin anashuka kumpa kopo ambalo limeandikwa kazi yake. Kinachochekesha pale ni picha inayojijenga kichwani mwako ya mtu mzima aliyeketi jioni moja kuwaza uwezekano wa kushambuliwa na papa akiwa kwenye helikopta, akatengeneza dawa, akaichapishia hata lebo. Kifaa kile ni ushahidi wa tabia yake. Vyuma vya kutelezea vya 1997 si ushahidi wa chochote. Vimetokea kwa sababu sakafu ina barafu, na baada ya hapo tumeshaondoka. Hakuna anayeviona kuwa ajabu, na hakuna anayejivunia kuvibuni.

Kingine kinachotokea katika tukio hilo, na ambacho hakizungumzwi sana kwa sababu chuchu zimekula nafasi yote, ni kwamba huelewi nani yuko wapi. Kamera imeinama, taa ni za samawati na waridi, watu wanapita kutoka kushoto na kulia, almasi inarushwa kutoka mkono huu kwenda ule. Kituko cha mwili kinataka uwanja unaoeleweka. Uone mtu, uone ganda la ndizi, uone umbali uliopo kati yao. Hapa unaona mng'aro tu, halafu mtu ameanguka.

Sasa Freeze, kwa sababu yeye ndiye kisa cha kusikitisha zaidi. Katika vitabu vya katuni alizaliwa mwaka 1959 kwa jina la Mr. Zero, adui wa kawaida mwenye bunduki ya kugandisha. Kilichomwinua ni kipindi kimoja cha katuni ya televisheni cha mwaka 1992, kilichoandikwa na Paul Dini, kilichompa mke mgonjwa aliyegandishwa akisubiri tiba. Ghafla adui wa kubeba bunduki akawa mjane ambaye mkewe hajafa. Skripti ya 1997 iliichukua hadithi hiyo nzima. Dkt. Victor Fries ana mke, Nora, anayeelea ndani ya tangi la maji baridi. Anaiba almasi kwa sababu suti inayomweka hai inahitaji almasi, na anataka fedha za kukamilisha utafiti wa kumponya. Kuna tukio ambapo ameketi peke yake akiangalia sanamu ndogo ya barafu ya mkewe, na Schwarzenegger, ambaye hajulikani kwa kulia, anafanya kazi nzuri kuliko anavyosifiwa.

Kisha anasimama na kurudi kwenye vichekesho vya baridi. Anamsalimu mtu kwa neno linalofanana na barafu. Anauliza ni nini kilichowaua dinosaria na kujijibu kwamba ni zama za barafu, jambo ambalo hata kama sayansi si sawa si kosa lake kubwa. Anawaongoza wapambe wake, waliojikunyata kwa makoti, kuimba pamoja na wimbo wa katuni ya Krismasi unaochezwa kwenye televisheni. Idadi ya michezo hii ya maneno si tatizo. Mtu mwenye majonzi anaweza kutania sana. Wengine hutania kwa sababu hiyohiyo. Adui anayesema upuuzi kwa hasira, anayeona kila jambo kuwa baridi kwa sababu maisha yake yamebaki kuwa baridi tu, angekuwa wa kuchekesha na wa kuogofya kwa pamoja. Lakini Freeze wa picha hii hatanii kutokana na Nora. Ni watu wawili waliovalishwa suti moja na wanaopokezana zamu. Anayelia hajamsikia anayetania, na anayetania hajaoa.

Zaidi ya hapo, mchezo wa maneno unahitaji msikilizaji. Unahitaji mtu wa kukunja uso, wa kuudhika, hata wa kutoelewa. Freeze anapotamka neno lake, mbele yake kuna mlinzi ambaye sekunde inayofuata atakuwa ameganda, au kuna Batman ambaye naye yuko tayari na lake. Hakuna anayelipokea neno. Linadondoka sakafuni, na jingine linafuata.

Hadithi ya Alfred ndiyo inayomaliza kabisa uwezekano wa kusema kwamba picha iliamua kuwa ya mzaha mtupu. Alfred ni mgonjwa, ana ugonjwa uleule wa Nora ila katika hatua ya mwanzo, na Bruce Wayne, yaani Batman bila kinyago, anajua kwamba mzee aliyemlea atakufa. Michael Gough, aliyeigiza Alfred tangu ile ya 1989, anacheza matukio haya kwa upole mtupu, bila kipaza sauti chochote kichwani mwake. Clooney naye, akiketi pembeni ya kitanda kile na kumwambia mzee kwamba anampenda, anakuwa mwigizaji tunayemfahamu. Ni matukio mazuri, na yanaidhuru picha. Yanatuonyesha kwamba ndani ya jengo hili kuna watu wanaoweza kuumia, halafu tunarudishwa barazani ambako hakuna anayeumia. Waliogandishwa na Freeze wana dakika kumi na moja za kuyeyushwa kabla hawajafa, tunaambiwa, na wanayeyushwa. Mtazamaji hajui tena amepewa mkataba gani. Acheke kifo au akihofie? Baada ya kubadilishiwa mara nne au tano anaacha vyote viwili, anatazama saa.

Ni lazima niseme palipofanya kazi, maana pako. Uma Thurman kama Poison Ivy ameelewa jambo ambalo wenzake hawakulielewa, au alikataa kumsikiliza mwongozaji. Anaongea kwa sauti ya nyota wa sinema za zamani, kila neno linavutwa, kila kiungo kinapinda. Anaingia kwenye karamu ya hisani akiwa ndani ya vazi la sokwe wa waridi na kujivua kidogokidogo akicheza, akikumbushia kwa makusudi tukio la Marlene Dietrich katika picha ya mwaka 1932. Ni upuuzi mkubwa kuliko chochote cha Freeze, na unachekesha, kwa sababu Ivy anaamini. Anaamini kwamba mimea inateswa, kwamba yeye ni mama wa dunia, na kwamba hakuna mwanamume wa kumkatalia. Thurman hamcheki. Anamwacha ajione malkia, na sisi tunamwona malkia aliyevaa majani. Tukio lingebaki hapo tungekuwa na dakika tano bora.

Halikubaki hapo. Unafuata mnada, ambapo Batman na Robin, waliolewa na ungaunga wa mapenzi wa Ivy, wanashindana kupandisha bei ili wampate kwa jioni moja, hadi mamilioni. Batman anamwambia Robin kwamba hana fedha hizo, na Robin anajibu kwamba atamkopa yeye. Na hapo Batman anachomoa kadi ya mkopo yenye nembo ya popo, ikisindikizwa na mlio wa fedha, na kusema kwamba haondoki pangoni bila hiyo, akiiga tangazo la kadi lililokuwa likijulikana na kila mtu Marekani. Watu huitaja kadi hii kama kilele cha aibu. Kwa nini ni aibu huwa hawasemi. Mtu mwenye pango, gari na ndege vyenye nembo ya popo, kwa nini asiwe na kadi? Wazo lenyewe ni la 1966 kabisa. Lililoua kadi ni ule mstari wa tangazo. Kwa kuusema, Batman anatoka kwenye karamu, anatoka Gotham, anakuja kusimama karibu nasi na kutuuliza kama tumekumbuka tangazo. Hatupi tena cha kucheka kwa sababu amekicheka mwenyewe.

Wapo wanaoipenda picha hii leo, na hawaipendi kwa unafiki. Huitazama kwa pamoja, kundi zima, wakipaza sauti na kuyatamka maneno ya Freeze kabla yake. Wengine husema hiyo ni dalili kwamba wahakiki wa 1997 walikuwa na roho ngumu. Sioni hivyo. Ukisikiliza wanachokicheka, mara nyingi si vichekesho. Wanaucheka uzito wa mambo yaliyofanyika nyuma yake: kwamba watu walikaa kwenye mkutano na kuidhinisha hiki, kwamba mtu mmoja alipakwa rangi ya fedha kwa saa kadhaa kila siku ili aseme neno kuhusu barafu, kwamba fedha zote zile zilitumika. Yule mhusika wa tatu, anayeamini na asiyejua kwamba anachekesha, hatimaye wamempata, na ni studio yenyewe. Sontag angewaelewa. Lakini raha hiyo wameitengeneza wao kwa muda na kwa umbali. Aliyekata tiketi mwezi Juni 1997 hakuwa nayo.

Mwisho wa biashara ulikuja haraka. Duniani kote picha iliingiza kama dola milioni 238, fedha ambazo kwa gharama ile na matangazo yale hazikuwa za kujivunia. Ilipendekezwa mara kumi na moja kwa tuzo za Razzie zinazotolewa kwa kazi mbovu, ikapata moja, aliyopewa Alicia Silverstone kwa nafasi ya Batgirl, msaidizi mwingine wa Batman, jambo ambalo naliona la kumwonea msichana aliyepewa kazi ndogo kuliko wote. Picha ya tano iliyokuwa ikipangwa ikafutwa. Schumacher, ambaye kwa hili namheshimu, aliomba radhi katika mahojiano ya DVD miaka kadhaa baadaye, bila kumtupia mtu mzigo, akasema nia yake ilikuwa kuwaburudisha watu tu. Mashabiki waliomchukia wangemtendea haki zaidi kama wangeamini kwamba ni kweli. Alitaka kuburudisha kwa nguvu kiasi kwamba hakumwachia mtazamaji kazi yoyote.

Studio ilipomrudisha Batman kwenye sinema mwaka 2005, ilimrudisha bila rangi, bila Robin na karibu bila tabasamu, na kwa miaka mingi ikaaminika kwamba dawa ya 1997 ilikuwa giza. Lakini mwaka 2017 ikatoka Batman ya matofali ya kuchezea ya LEGO, ya kipuuzi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikiwataja hata maadui wa kuaibisha wa miaka ya sitini, na watu wakafurahi. Batman wa matofali ana majivuno ya kupindukia, anapasha moto chakula chake peke yake usiku katika nyumba kubwa tupu, na anajiona kuwa mtu wa maana kuliko wote duniani. Hana hata chembe ya wazo kwamba yeye ni mdoli.

Basi kama ningepewa mkasi na skripti ya Goldsman, nisingegusa taa, wala sokwe, wala chuchu. Ningeondoa kila utani kinywani mwa Batman, wote, kuanzia ule wa Superman. Ningemwachia Freeze vichekesho vyake vya barafu lakini ningempa mpambe mmoja anayejaribu kwa uaminifu kuvielewa, na ningemfanya avitamke akiwa amekasirika. Ningeirefusha dakika ya Thurman. Na kadi ya popo ningeiacha mahali pake. Inaonyesha kwamba muda wake hautakwisha milele, na hilo tu lilikuwa linatosha. Batman angeitoa polepole, kwa heshima zote, kama mtu anayelipa bili kwa njia halali. Mwendesha mnada angeipokea, angeigeuza, na angemwomba aweke sahihi. Kisha kamera ingebaki usoni mwa Clooney wakati anafikiria, kwa dhati kabisa, ataandika jina gani.